Santuri Mbili za Faustin

Mimi ni fundi wa kushona, na benchi lililo mbele ya mlango wangu nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri kupimwa. Hawajawahi kulikalia. Kila Jumapili baada ya misa wanalikalia Décret, Volti na Pavillon, wananywa kahawa yangu na kunifundisha maisha. Jumapili hiyo walinichosha kabisa. Faustin, mpiga gitaa, alikuja na santuri mbili za wimbo mmoja. Mzungu mmoja mwenye gari la kunasa muziki alikuwa amemrekodi mara mbili, mara ya kwanza gitaa likiwa karibu na mashine, mara ya pili sauti. Achague moja, akaambiwa, saa sita gari linaondoka nayo, na hiyo ndiyo itakayochapwa na kupigwa redioni. Wimbo wenyewe unamwita kaka yake Léonard, aliyekwenda kutafuta kazi migodini miaka saba iliyopita na hajaandika hata barua moja. Mama yao huko Kasenga macho yameanza kumpotea, lakini bado anamuulizia. Basi kabla ya kuchagua santuri ilibidi kusikiliza, na kabla ya kusikiliza ilibidi kuchagua kipaza sauti cha kusikilizia, haut-parleur wanavyosema wao. Saa nne walikuwa wamekwisha kuweka viwili, na gramafoni moja kati yao, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nyaya zimepita katikati ya suruali ya bwana harusi.

Wa kwanza kuponda mwenzake alikuwa Décret, karani kutoka Kasai, ambaye redio yake kubwa ya mbao ilikuja imefunikwa shuka.

— Bon. Ya kwangu njo inasema kweli. Inakaaka mu salon ya nyumba yangu, juu ya kitambaa. Haut-parleur yenye kukaa muzuri, inasema muzuri.

Volti hutengeneza redio za watu nyuma ya soko. Kipaza sauti chake alikifunga mwenyewe ndani ya sanduku la samaki.

— Kweli gani? Ile yako inapakaa kila kintu mafuta! Guitare iko tamu, sauti iko tamu, hata Faustin akikohoa, kikohozi iko tamu. Ya kwangu haina urafiki na muntu.

— Ya kwako inanuka.

— Inanuka Kasenga! Ile mbao ilikunywa maji ya muto Luapula miaka yote, njo maana basse, ile sauti ya chini, iko namna hii.

Faustin alikuwa amekaa katikati yao, santuri mapajani.

— Bayaya, bakubwa bangu, munisikie. Ku redio ya Décret guitare iko muzuri, nikasema disque ya kwanza. Ku sanduku ya Volti guitare inafunika sauti, nikasema ya pili. Sasa ni ipi?

— Ya kwanza!

— Ya pili!

Ng'ambo ya barabara, kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo kilikuwa kinatoa matangazo ya redio kama kila siku: fulani aje kuchukua barua, fulani anatafutwa na nduguye. Kilikoroma mpaka tukashindwa kusikilizana.

— Ile kintu ifunge kinywa! akafoka Pavillon. Tuko na kazi hapa!

Pavillon ni mzee wa reli, sikio moja aliliacha kwenye mitambo, lakini kwa muziki hakubali kushindwa.

— Nyinyi bote hamujue. Haut-parleur inasomaka. Ile ya Décret inasikia habari ya Bazungu miaka tatu, Kifaransa asubuhi, Kifaransa mangaribi. Ukiipatia nyimbo ya Kibemba, itaiimba na accent ya Bazungu!

— Tata Pavillon, haut-parleur haina kichwa, akasema Volti.

— Haina kichwa, lakini kinywa iko nayo!

— Sasa tufanye nini? akauliza Faustin.

— Tuipigie muziki ya kwetu mwezi muzima, isahau.

— Mwezi? Gari inaenda saa sita!

— Iko saa tano na nusu, nikasema mimi. Na mutoe nyaya mu suruali ya bantu!

Nyaya zikabaki palepale. Volti alikuwa amepata wazo.

— Tupime kilo. Tulete mizani ya muuza nyama. Haut-parleur nzito haiongopaka.

— Basi weka jiwe mu sanduku yako, akasema Décret, ikuwe ya kweli zaidi.

— Hapana kilo, ni mifupa! Pavillon akasimama. Muntu anasikiaka na mifupa ya kichwa. Fundi, lete sufuria.

Sikuleta. Aliingia akaichukua mwenyewe, akamvisha Faustin kichwani, kisha wakapiga santuri ya kwanza. Nilikasirika. Ni sufuria ninayopikia bukari, ugali wangu wa kila siku.

Ndipo akafika Albertine, muuza mboga mwenye meza yake chini ya ile nguzo ng'ambo, amefuata blauzi yake.

— Jambo, tata fundi. Blouse yangu iko?

— Iko chini ya redio.

Akamtazama Faustin.

— Na ule, munamupika sababu gani?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja, salon, Luapula, accent, kilo, mifupa, na Léonard mwishoni. Albertine alisubiri wamalize.

— Kumbe. Sasa, yaya Faustin, Léonard eko na redio mu salon?

— Sijue kama eko na salon, sauti ya Faustin ikatoka ndani ya sufuria.

— Eko na sanduku ya samaki?

— Hapana.

— Sasa atasikilia wapi?

Faustin akaivua sufuria. Miaka saba. Hatukujua hata yuko mji gani. Pavillon akanyanyua birika amimine kahawa, likatoka tone moja.

Ng'ambo, nguzo ikakoroma, kisha ikataja jina la mtu.

— Mi nauzishaka mboga chini ya ile kintu siku yote, akasema Albertine. Guitare sisikiaka. Basse sisikiaka. Majina ya bantu tu. Hata niko napimia muntu mboga, bakiita jina ya muntu mwenye najua, nageuka.

— Na ku kambi ya bantu ba mu migodi, nguzo ziko? akauliza Décret, polepole.

— Ziko, akasema Volti.

Faustin hakuomba tusikilize tena. Alichukua santuri ya pili, ile ambayo gitaa lake liko mbali, akaifunga kwa kitambaa nilichompa, akakimbia. Ilikuwa imebaki robo saa. Ile ya kwanza aliiacha inazunguka juu ya gramafoni, na mlio wa vidole vyake vyote kumi ndani.

Volti akarudisha sindano mwanzo. Tangu asubuhi tulikuwa tumeupiga wimbo ule zaidi ya mara kumi, na niliona aibu, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeyasikiliza maneno yake. Tuliinama wote, Albertine na blauzi yake mkononi, Pavillon na sikio lake zima, tukausikiliza mpaka mwisho. Gitaa lilikuwa tamu sana. Jina la Léonard, chini yake, hatukulisikia.