Nyaya za Karatasi

Mwaka 1999, kwenye treni ya asubuhi ya Chicago, daktari wa meno (alishatutangazia kazi yake behewa zima) alishusha gazeti lake lililofunguliwa ukurasa wa bei za hisa, akamgeukia mzee aliyekaa pembeni yake. "Nunua hisa za kampuni ya simu, mzee wangu. Wanaleta intaneti ya kasi kwa nyaya zilezile za simu. Kila nyumba inazo tayari!"

Mzee, aliyeshonewa jina Orville kifuani mwa jaketi, akatabasamu. "Unakaa wapi, daktari?"

"Nyuma ya mnara wa maji, Elmhurst."

"Pale nimepanda kila nguzo ya simu. Nyaya zenu zimezungushiwa karatasi badala ya plastiki tangu enzi za baba yangu. Mvua ikinyesha, simu yako haikwaruzi?"

Nilijifanya nasinzia, masikio wima.

"Inakwaruza," daktari akakiri.

"Basi intaneti yako itapita humo humo."

"Kwa hiyo wewe huna hisa hata moja?"

"Ninazo. Miaka thelathini na moja kazini, akiba yangu ya uzeeni yote ni hisa zao."

"Na hujauza?"

Treni ikasimama. Mzee akainuka, akaivaa kofia yake taratibu.

"Hilo gazeti," akauliza, "umeshalimaliza?"