Goreth Aliyekataa Kufichwa Jina Mahakamani

Ndugu waombolezaji, mimi ni shangazi wa Balthazar, mume wa marehemu, shule yangu ni ndogo lakini sauti ninayo, basi wa nyuma msisingizie kwamba hamkusikia.

Goreth alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Rumonge, Burundi, baba yake akiuza mafuta ya mawese, akasoma hadi darasa la nne, vita vya mwaka 1993 vikamkatisha, akakulia kambini Tanzania, na huko ndiko alikojifunza cherehani.

Mwaka 2003 alifika Johannesburg, akashona katika karakana moja ya Jeppestown, kisha akafungua kibanda chake Malvern, kwenye Jules Street, na hapo Balthazar alileta suruali ileile kupunguzwa mara tatu, mpaka ikawa kaptura, ndipo akasema alichofuata, wakafunga ndoa tarehe 6 Agosti 2005 kanisani Troyeville, wakajaliwa Ariane, Armel na Lynette.

Hapa Balthazar aliniambia, "Shangazi, ruka mpaka kwenye ugonjwa," lakini ugonjwa wenyewe ulianzia hapahapa. Mwaka 2019 alishika mimba ya nne, daktari akamwambia moyo wake hautaihimili, na sheria ya nchi hii inaruhusu kuitoa mapema, lakini kliniki ya serikali aliyokwenda ilikuwa na agizo kwamba mgeni ambaye karatasi zake zimeisha muda asihudumiwe, akarudishwa mlangoni, akaenda kwa wale wanaobandika namba zao za simu kwenye nguzo za taa, eish, akaponea chupuchupu, akalazwa mwezi mzima, na moyo haukurudi tena kuwa ule wa zamani.

Mwaka 2021 alifungua kesi Mahakama Kuu kulipinga agizo hilo, mawakili wakataka aandikwe kwa herufi mbili tu ili asijulikane, akawauliza jina alilopewa na baba yake lina kosa gani. Na kweli alijulikana, maana wapo akina mama waliohama benchi lake Jumapili, Jumatatu wakaja kibandani na gauni lisilo na tatizo lolote, wakinong'ona kuuliza ni kliniki gani haifukuzi watu, majina sitaji, leo mmependeza.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na miwili, kesi ikingoja kusikilizwa mwezi wa Agosti. Balthazar alitaka izikwe naye, watoto wapumzike kusemwa, lakini wakili ameeleza kwamba mtu wa familia anaweza kusimama mahali pake, na Ariane, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, alitia sahihi jana, kwa jina lake lote. Balthazar, mwanangu, usinitazame mimi, mtazame binti yako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani wa Malvern mliopika bila kuombwa, na mafundi wenzake mlioishona nguo aliyovaa leo.

Lala kwa amani, Goreth, Agosti jina litaitwa, na mtu ataitika.