Injini ya Baba Kwenye Kona za Jizo

CHIZURU: Haloo? Ni nani?

NORITO: Dereva mpole kuliko wote mkoa mzima wa Nagano. Shikamoo, dada.

CHIZURU: Marahaba. Norito? Mbona haioneshi jina lako? Nilitaka kukata, nikadhani ni wale wa bima.

NORITO: Nimeazima simu. Unaendeleaje?

CHIZURU: Niko chini ya lori la mtu, mikono imejaa grisi. Sema upesi.

NORITO: Nimepiga tu kukupa moyo. Ile injini ya gari la Baba naizoesha kama ulivyoagiza. Nailea kama yai. Mshale wa mizunguko haujawahi kupita elfu tatu, hata kwa bahati mbaya. Juzi bibi mmoja wa baiskeli alinipita, akageuka akaniinamia kuniomba radhi.

CHIZURU: [anacheka kidogo] Umefika kilomita ngapi?

NORITO: Mia sita na kitu.

CHIZURU: Sawa. Malizia tambarare, leo na kesho, kwenye mashamba ya mpunga. Jumapili jioni namwaga oili, nachuja nione kama kuna chembe za vyuma, Jumatatu asubuhi Baba anaendesha. Haya, kwaheri, lori la—

NORITO: Ngoja, ngoja. Nina swali dogo. La kielimu.

CHIZURU: La kielimu.

NORITO: Injini iliyojengwa upya, ikianza kulia tok, tok, tok... si juu kwenye vali, kule chini kabisa... hiyo ni sauti ya kuzoea, si ndiyo?

CHIZURU: [mlio wa spana ikianguka sakafuni]

NORITO: Dada? Laini inakwaruza, hujanisi—

CHIZURU: Zima injini.

NORITO: Hapo ndipo penye habari njema. Imejizima.

CHIZURU: Imejizima.

NORITO: Yenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

CHIZURU: Norito, usinitanie. Nakuuliza, unanijibu, basi. Taa ya oili iliwaka?

NORITO: Iliwaka... lakini kwa adabu.

CHIZURU: Ukasimama?

NORITO: Tulisi— nilisimama. Baadaye kidogo.

CHIZURU: Baadaye ya nini?

NORITO: Baadaye ya kona.

CHIZURU: Kona gani? Mashamba ya mpunga yana kona gani? Barabara ile imenyooka mpaka unaona shuka zilizoanikwa kijiji cha pili.

NORITO: Kuna ile ya kwenye mfereji—

CHIZURU: Ile ni kona ya trekta. Nisikilize. Oili haikimbii pampu kwa kona ya trekta. Inakimbia kwenye kona ndefu, gari likiwa limelala upande mmoja na mguu umekandamiza. Pampu inanyonya hewa, beringi zinakauka, injini inanoki. Uko wapi?

NORITO: Nje tu hapa.

CHIZURU: Hii simu ni ya sarafu?

NORITO: Ina rangi nzuri ya kijani.

CHIZURU: Ya kijani, kama simu zote za sarafu. Mtandao wa simu yako umekataa, ukatafuta simu ya sarafu. Ueda mjini zimeng'olewa karibu zote. Imebaki ile ya duka la tambi, juu mlimani kwenye kona za Jizo.

NORITO: Dada, ungekuwa polisi sisi sote tungekuwa ndani.

CHIZURU: Uko Jizo.

NORITO: Niko karibu na Jizo.

CHIZURU: Ulipeleka injini yenye kilomita mia sita mlimani. Injini niliyoifungua hadi skrubu ya mwisho. Zile pistoni nilizitafuta miaka miwili, mpaka nikazipata kwa mjane wa fundi kule Hamamatsu, akakataa kuniuzia mpaka nikale kwake mara tatu. Silinda nilizisugua kwa mkono. Ringi zile zinahitaji kilomita elfu moja za upole zikae mahali pake, hakuna njia ya mkato. Wewe umeshindwa nini? Kazi yako ilikuwa kukaa na kukanyaga kidogo. Kikokotoo kingeweza.

NORITO: Kikokotoo hakina miguu—

CHIZURU: Koma.

NORITO: Nimekoma.

CHIZURU: Mshale ulifika wapi?

NORITO: Nilikuwa naangalia barabara, kwa usalama—

CHIZURU: Norito.

NORITO: Nne hivi. Elfu nne.

CHIZURU: Kwa elfu nne haiwezi kunoki.

NORITO: Tano.

CHIZURU: Endelea.

NORITO: Labda saba. Ilikuwa inatetemeka, huwezi kusoma vizuri.

CHIZURU: [kwa sauti ya chini] Saba.

NORITO: Kuna gari jeupe lilitujia nyuma. Mzee mmoja, nywele zake za mvi, anawasha taa na kuzima, anawasha na kuzima. Wewe mwenyewe unajua maana yake kule juu. Mtu anakuambia sogea au twende.

CHIZURU: Na wewe kinyozi, uliyepata leseni kwa mtihani wa mara ya tatu, ukaamua twende.

NORITO: Ya pili. Mtihani wa mara ya pili.

CHIZURU: Unajua Jumatatu ni siku gani?

NORITO: Najua.

CHIZURU: Sema.

NORITO: Baba anarudisha leseni polisi.

CHIZURU: Kwa masharti gani?

NORITO: Dada, sarafu zinaliwa hapa, si lazima tupitie kila—

CHIZURU: Kwa masharti gani?

NORITO: Kwamba afike kwa gari lake mwenyewe, usukani mikononi mwake. Ndiyo asalimishe.

CHIZURU: Hakuomba ngoma wala maua, ni hilo tu. Alivyogonga uzio wa majirani, kina Ogino, alisema uzio umesogea. Alivyogonga mara ya pili alisema kina Ogino wana wivu. Daktari kamwonesha picha za jicho la kushoto, akasema picha ni za mtu mwingine. Mwaka mzima namsihi. Ile shule ya watoto iko mtaa wa pili, Norito. Nasikia king'ora cha gari la wagonjwa, naacha kazi, napiga simu nyumbani kuuliza kama Baba yupo. Akaja kusema neno moja tu: niwashie gari langu, nitarudisha leseni. Ndiyo maana nimejenga ile injini. Si kwa ajili ya maonesho ya magari ya kale. Nimeijenga ili aiache barabara akiwa na heshima yake, kabla hajamgonga mtu.

NORITO: Najua, dada.

CHIZURU: Sasa Jumatatu nitamwambia nini? Atasema gari halijawaka, mkataba umevunjika, leseni inakaa mfukoni. Nitaanza upya kutafuta pistoni? Kwa mjane yupi?

NORITO: Nimekosa.

CHIZURU: Hujakosa. Kukosa ni kusahau chumvi. [pumzi] Bodi ipo salama?

NORITO: Ipo. Karibu yote.

CHIZURU: Karibu.

NORITO: Kile kioo cha kutazamia nyuma, cha juu ya madigadi ya mbele, kimeachana na gari. Kidogo tu. Ukuta wa mawe ulijitokeza.

CHIZURU: Ukuta ulijitokeza.

NORITO: Ndiyo.

CHIZURU: Kioo cha upande gani?

NORITO: Vyote vinafanana, dada.

CHIZURU: Nimekuuliza upande gani.

NORITO: Kushoto.

CHIZURU: [anatoka chini ya lori]

NORITO: Dada, upo? Laini inakwaruza tena, huku mlimani—

CHIZURU: Laini haina tatizo. Baba yuko wapi sasa hivi?

NORITO: Nyumbani. Anaangalia mieleka ya sumo.

CHIZURU: Sumo inaanza jioni. Sasa hivi ni asubuhi.

NORITO: Ya marudio.

CHIZURU: Nilikupa sharti la pili, unalikumbuka?

NORITO: Asishike usukani mpaka Jumatatu, na siku hiyo wewe ukiwa pembeni yake. Na hajashika. Naapa kwa mkasi wangu. Kila kilomita nimeendesha mimi, kwa mikono yangu na miguu yangu. Makosa ni yangu, nipige ukinikuta, nitainama.

CHIZURU: Ufunguo unao?

NORITO: Mfukoni.

CHIZURU: Utikise.

NORITO: Kwa nini niu—

CHIZURU: Ufunguo wa Baba una hirizi ya safari yenye kengele. Utikise, niisikie.

NORITO: Sawa... huu hapa. [mlio wa vitu kugongana]

CHIZURU: Hizo ni sarafu.

NORITO: Kengele imekufa. Si unajua vitu vya zamani.

CHIZURU: Nyamaza.

NORITO: Mimi nilikuwa najitetea tu, si—

CHIZURU: Nyamaza kabisa, usipumue. [kimya] Naisikia.

NORITO: Ni ya mbuzi. Hapa kuna mbuzi—

CHIZURU: Inakuja karibu.

BABA: [kwa mbali] Norito, tambi zinapoa. Mama mwenye duka amekuwekea na yai. Unaongea na nani?

NORITO: Na... na watu wa bima, Baba.

CHIZURU: Mpe simu.

NORITO: Dada, miguu yake imechoka, kuna ngazi—

BABA: Ni Chizuru? Lete.

NORITO: Baba, tulikubaliana—

BABA: Lete, mwanangu. [mkwaruzo wa mkono wa simu] Haloo.

CHIZURU: Baba.

BABA: Umeshasikia.

CHIZURU: Nimesikia tok, tok, tok. Nimesikia kioo. Sijasikia ukweli hata mmoja.

BABA: Unamgombeza mtu ambaye hakuwepo.

CHIZURU: Hakuwepo vipi? Si yuko hapo?

BABA: Yuko sasa. Asubuhi nilimwomba aniachie usukani mpaka darajani tu, nizoee klachi. Akasema haya, Baba, mpaka darajani. Hatukufika darajani amelala. Mdomo wazi, kama samaki koi anayesubiri chakula.

NORITO: [kwa mbali] Baba, jamani.

CHIZURU: Amelala.

BABA: Ningemwamsha. Lakini nikaliona daraja, nikaiona barabara ya juu, na nikasema Jumatatu watanipeleka polisi kwa mwendo wa ng'ombe, na Chizuru amekaa pembeni ananishikia breki kwa macho. Nikapanda.

CHIZURU: Ukapanda Jizo.

BABA: Injini yako, mwanangu... sijui niseme nini. Inavuta kutoka chini. Hata siku niliyolinunua halikuvuta hivyo.

CHIZURU: Usinisifu. Nina hasira, Baba, usinisifu. Ungeua mtu.

BABA: Nilikuwa naongoza. Yule mwenye gari jeupe yuko nyuma yangu, kona ya tatu, nimeishika vizuri, nimekata ndani kama zamani. Kisha nikasikia kishindo. Nikadhani jiwe limeruka.

CHIZURU: Ukuta.

BABA: Mrefu kunishinda. Umekuwepo pale toka sijazaliwa. Sikuuona, Chizuru. Siyo kwamba nilichelewa kuuona. Upande ule haukuwa na kitu chochote. Angekuwa mtu anatembea pale...

CHIZURU: Baba, basi.

BABA: Jumatatu njoo na kile kigari chako cha gereji. Nitakaa nyuma na spana.

CHIZURU: Ulisema ni lazima kwa gari lako.

BABA: Nilisema. Nimeshaliendesha.

CHIZURU: Nitaifungua tena. Nikianza leo, kama mhimili wa kranki haujakwaruzika sana, labda mwezi ujao utaweza—

BABA: Ifungue ukitaka kuifungua, lakini mimi usinisubirishe mpaka mwezi ujao. Mwezi ujao nitakuwa nimeshasema ukuta umesogea.

CHIZURU: Sawa, Baba. Jumatatu, saa tatu.

BABA: Saa tatu.

CHIZURU: Ufunguo mpe mama mwenye duka. Msiwashe, msisukume, msiguse. Nakuja na gari la kubebea. Sasa nipe huyo mlezi wa mayai.

NORITO: Dada, kabla hujasema lolote, sarafu imebaki moja—

CHIZURU: Ulilala.

NORITO: Sikulala. Nilifumba macho kidogo kwa sababu ya jua. Masikio yalikuwa kazini. Kila sauti ya ile injini nimeisikia, toka darajani mpa—

BABA: [karibu na simu] Alikuwa anakoroma, Chizuru. Ndiyo maana sikuisikia injini ikianza kulia.

NORITO: Baba, kwa nini una—

[Laini inakatika.]