Komeo, Aliyekataa Kuficha Kipindupindu

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Komeo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni na ndiye aliyeandika haya, anasema mtoto yule alizaliwa mbishi.

Alihitimu uuguzi mwaka 1987, akawa mchoma chanjo katika zahanati ya hapa. Waliozaliwa miaka ile wote walipita mikononi mwake wakipiga mayowe. Mwaka 2001 alihamishiwa kituo cha afya mpakani, na huko ndiko alikopewa jina la Komeo: bila kadi ya chanjo, hupiti.

Alichelewa kuoa, na harusi yenyewe, tarehe 14 Desemba 2002, ilichelewa kwa sababu yake. Mama mkwe alifika mpakani bila kadi ya chanjo.

"Mwanangu, si ni mimi?"

"Shikamoo, mama. Kadi iko wapi?"

Akamdunga sindano mwenyewe. Mama aliingia harusini amenuna na mkono umevimba.

Machi 2019 madereva wa malori walianza kuangushwa na kipindupindu. Kanuni za Afya za Kimataifa zinataka dunia iarifiwe bila kuchelewa. Mkuu wake akamwambia, "Andika kuhara tu. Msimu wa nyanya ukiisha, tutasema." Komeo akamjibu, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mkuu," akapeleka taarifa siku hiyohiyo. Nchi jirani ikapuuza kanuni hizohizo, zisizotaka biashara izuiwe bila sababu, ikafunga mpaka. Nyanya zikaozea malorini.

Ratiba ya mazishi inataka hapa tueleze alivyougua. Hakuugua. Tarehe 2 Aprili vijana wa hapa, kwa hasira ya nyanya, walikuja na nondo na mawe, wakitaka kuwatoa wagonjwa nje na kukichoma chumba walimolazwa. Komeo alisimama mlangoni. "Rudini, wanangu. Humu watu wametundikiwa maji." Walimvunja taya. Walimvunja mikono yote miwili. Wakampiga nondo kichwani mpaka akanyamaza, akaanguka kizingitini, na askari walipofika wakifyatua risasi hewani, hakuna aliyekuwa amethubutu kumruka. Wagonjwa wote walipona. Yeye alifariki hospitalini tarehe 4.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada yake, na mama mkwe, ambaye leo amevuka mpaka na kadi yake mkononi.

Ameacha pia waliomuua. Wamo humu makaburini, wameinamisha vichwa. Tunawajua, na hatujawasamehe. Wakunje mikono ya mashati yao: kila mmoja ana kovu la chanjo ya kifua kikuu, na aliyemchanja ni Komeo.

Yeye na apumzike kwa amani. Wao wasipumzike.