Kanda ya Kipriani Chilumba

Ndugu waombolezaji, Kipriani Gaudens Chilumba, tunayemzika leo Jumamosi, alizaliwa Mnero tarehe 9 Februari 1962, mtoto wa kwanza wa Mzee Gaudens, katekista, na marehemu Mama Prisca, akasoma Shule ya Msingi Mnero hadi mwaka 1976, na huko utotoni aliifungua redio ya baba yake atazame nani anaongea humo ndani, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena.

Mwaka 1981 alijifunza ufundi redio Nachingwea mjini, mwaka 1986 akafungua kibanda chake Ruangwa, na tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa na Dionisia, wakajaliwa watoto wawili, Eva mwaka 1989 na Dastani mwaka 1992.

Mwaka 1994 yeye na Isihaka Nangumbi, mpiga ngoma kutoka Mtua, rafiki aliyekula naye sahani moja, walianzisha bendi ya Nyuzi Nne, iliyopiga muziki wa roki usiofanana na wowote uliopata kusikika huku kwetu, gitaa likikwaruzwa kwa kijiko na kupitishwa kwenye spika iliyochanwa makusudi, nyungo za ufuta zikipepetwa kama ala, sauti za watu zikirudishwa kinyumenyume, mpaka wapo waliohama viti harusini, na wapo walionong'ona kwamba vijana hao wanaita wafu.

Januari 1998, mvua zikinyesha bila kukoma, waligeuza chumba cha nyuma ya kibanda kuwa studio, wakaziba kuta kwa magodoro ya sufi, wakarekodi albamu yao ya kwanza, Mvua ya Bati, nyimbo nane, kwa mashine iliyotumia kaseti ya kawaida lakini ikijaza pande zake zote mbili kwa mkupuo mmoja, magitaa na sauti upande huu, ngoma upande ule, na kaseti hiyo ilikuwa moja tu, ikafungiwa sandukuni, ufunguo mmoja kwa Kipriani, wa pili kwa Isihaka. Tarehe 2 Machi sanduku lilikutwa limefungwa vizuri, na kanda haimo.

Tangu siku hiyo Kipriani hakumwamini mtu, alibadilisha makufuli, alimhoji hata mkewe mara tatu, na kila gitaa lililolia redioni aliwanyamazisha wateja, akatega sikio, akihisi ni lake limeuzwa. Mei 1999 alimfuata Isihaka sokoni Nachingwea, akamwita mwizi mbele ya watu, na wengi wenu mlikuwepo, mkasikia Isihaka akijibu kwa sauti ya chini, "Ungeniuliza, Kipriani, ningekujibu. Hukuniuliza." Jibu hilo nalo aliliona la mtu mwenye hatia, Nyuzi Nne ikafa, na Isihaka, kwa jina hilo la mwizi, akakosa hata wa kumwita apige ngoma.

Mwishoni mwa mwaka 2007 marehemu alianza kuugua ini, akalazwa hospitalini Nachingwea, na tarehe 11 Mei 2008 Mzee Gaudens alimweleza jambo alilolinyamazia miaka kumi, kwamba aliogopa ile minong'ono kuwa wanaita wafu, akachukua ufunguo kwenye koti la mwanawe, akaitoa kanda, kisha akarekodi kwaya juu yake kwa redio yake ya kaseti. Mzee yupo hapa, ameridhia lisomwe.

Kanda ililetwa, ikachezwa kando ya kitanda, upande mmoja kwaya tupu, na upande wa pili, ambao redio ya Mzee haikuufuta, zimebaki ngoma za Isihaka peke yake, zikienda kinyumenyume, kwa kuwa redio huusoma upande huo kuanzia mwisho, na Kipriani akageukia ukutani. Aliagiza Isihaka aitwe, naye alikuja akasimama mlangoni, akidhani ameitiwa ugomvi mwingine, akauliza, "Safari hii nimeiba nini?" Marehemu akamwambia, "Hukuiba. Nilikukosea, tena mbele ya watu." Kanda ikachezwa tena, Isihaka akaisikiliza mpaka ikaisha, ndipo akavuta kiti akakaa.

Kipriani alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2008, saa nne asubuhi, ameacha mjane, watoto wawili na baba yake mzazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mnero na Ruangwa, mafundi wenzake, na Isihaka, aliyeshika jembe kaburini tangu alfajiri, na kwa agizo la marehemu mwenyewe, kwamba neno lililosemwa hadharani lifutwe hadharani, tunatamka mbele yenu nyote: Isihaka Nangumbi hakuiba kanda. Kipriani, tumelisema, sasa pumzika.