Fundi Koki na Maji ya Ng'ambo ya Reli

Wasikilizaji wapendwa, aliyeko jikoni apunguze moto, aliyeko karakana aweke nyundo chini. Leo tunamkumbuka Fundi Koki, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na minane aliitunza koki kuu ya maji ya mji wetu. Thelathini na minane, koki ile ile moja.

Mjane wake anacheka huku akifuta machozi. "Baba watoto alikuwa mzito wa kusema. Ukimuuliza saa ngapi, anakuonyesha ukutani."

Halafu vita vikaja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, wasikilizaji, vilibadilisha hata salamu zetu. Zamani tuliulizana hali. Tukaanza kuulizana, wewe wa upande gani? Reli ikawa mpaka, na koki ya Fundi, iliyokuwa upande huu, ndiyo iliyopeleka maji ng'ambo.

Asubuhi moja ofisa aliingia na askari wanne. "Funga maji ya ng'ambo." Fundi akajishika bega. "Bega linanisumbua, afande. Vijana wako wana nguvu, wafunge wao."

Sasa sikieni. Koki mnazozijua hufungwa kwa kuzungusha kulia. Ile ya kizamani ilifungwa kushoto, na aliyejua ni yeye peke yake. Siku zote aliiacha nusu wazi. Vijana wakazungusha kulia mpaka jasho likawatoka, mpaka ikagoma. Wakaondoka wameridhika, na ng'ambo maji yakaongezeka. Miezi kumi na minne watu wa kule walikunywa. Angegundulika, angepigwa risasi pale pale mlangoni. Nasema kweli, ningekuwa mimi, ningefunga.

Vita vilipokwisha, mama mmoja wa ng'ambo alikuja kumshukuru. Akasema barazani kwa Fundi kwamba maji yao hayakukatika hata siku moja, mbele ya kaka yake Fundi. Kaka huyo alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, aliyeuawa na askari wa ng'ambo. Akasimama. "Maji yako yamewanywesha waliomuua mwanangu. Usikanyage kwangu tena."

Fundi hakujitetea. Alisema tu, "Nimesikia, kaka." Wakaishi mitaa miwili jirani miaka kumi na tisa bila kusalimiana. Miaka kumi na tisa, watoto wa mama mmoja.

Jana nilikwenda kwa kaka mtu. Nilidhani atanifukuza. Akanipeleka uani, kwenye bomba.

"Limeharibika mara tano," akasema. "Kila mara nikitoka, nikirudi nalikuta limetengenezwa. Watu walidhani simjui anayekuja. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia jirani kwa sauti, ili habari zimfikie, bomba limeharibika na kesho sipo mchana kutwa. Kisha naenda kukaa stendi mpaka jioni, sina safari yoyote. Nampa mdogo wangu nafasi."

Akaligusa bomba. Lilikuwa linavuja. "Mwezi uliopita likaharibika tena, nikatoka. Nikarudi, bado linavuja. Ndipo nikajua anaumwa."

"Hukwenda kumwona?" nikamuuliza.

"Nilifika mpaka kona ya kwake."

Tunawapa pole mjane, watoto, na kaka yake Fundi Koki. Mungu ampumzishe pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu unayemwachia nyumba ili apite usipokuwepo, basi kesho usitoke. Baki umfungulie mlango.