Mchele Tulioogopa Kuula

Wanachama wenzangu, akina mama na akina baba, nimeruhusiwa kusimama kabla hatujagawana mapato ya msimu. Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wamo humu, watajijua wenyewe.

Mguu wangu mnaujua. Uliangukiwa na magunia pale Nyololo nilipokuwa utingo wa lori. Ulipopona ulikuwa mfupi, nikahamia hapa Mbeya na mke wangu na watoto, nikapewa kazi ya kulinda banda hili la mchele unaotoka Chimala. Niliridhika. Kukaa macho hakuhitaji miguu iliyo sawa.

Kisha ikatoka amri ya mji: kila mlinzi wa mshahara awe na kibali. Asiwe amewahi kufungwa, awe na barua ya jumbe wa kwao, na daktari athibitishe kuwa anaweza kukimbia. Ya kufungwa na ya jumbe hayakunisumbua. Daktari aliniambia nikimbie hadi kwenye mti na kurudi. Nilipoufikia mti akaniita, "Basi, mzee, rudi taratibu." Nikaelewa jibu. Sikumchukia, alipima alichoagizwa kupima.

Amri hiyo ilikuwa na msamaha mmoja: mtu anayelinda mali yake mwenyewe hahitaji kibali. Karani wenu ndiye aliyeuona, akawasomea. Mkachanga mchele, huyu bakuli, yule kibaba, hadi likajaa gunia. Mkaniambia, "Hili lako. Linda la kwako, na yetu uyatupie jicho." Mshahara ukakoma, maana mshahara ndio uliodai kibali, mkaniahidi fungu langu mchele ukishauzwa. Nilishukuru kwa moyo wote.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, masika ya huku ni marefu. Nyumbani unga uliisha. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, ule mchele si wetu?"

"Ni wetu."

"Basi tupike."

"Tukiupika, nitakuwa nalinda nini?"

Tukala majani ya maboga matupu. Mchana nilikaa nimeegemea gunia langu mwenyewe, nina njaa, na mtu akiniuliza habari za nyumbani namjibu, "Salama."

Mtoto wetu mdogo alipoanza kulegea, mke wangu hakuniomba ruhusa. Alikuja hapa bandani soko likiwa limejaa, mtoto mgongoni, akamwendea mama mmoja wa Usangu, mkubwa wetu sote.

"Shikamoo, mama. Mume wangu anaona haya kusema. Sisi tuna njaa."

"Marahaba, mwanangu. Na gunia mlilopewa?"

"Tukilila, amekosa kazi."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza alipoona anacheka peke yake. Yule mama akamgeukia karani. "Hiyo amri yenu imesema mchele?"

"Imesema mali, mama."

"Haya, wewe mke wa mlinzi, mikono yako inajua nini?"

"Kusuka vikapu vya nyasi za milulu, kama tunavyosuka kwetu Iringa."

"Vilete bandani viwe mali yenu. Huo mchele beba, mkapike leo."

Watoto walishiba siku hiyo. Koplo wa polisi alipokuja kukagua vibali, nilimwonyesha vikapu.

"Mwizi gani aache mchele aibe vikapu?"

"Ndiyo maana nakaa karibu na mchele, afande."

Alicheka, akamnunulia mkewe kimoja, akaenda zake. Sasa wasafiri wa malori wanavichukua hata kabla havijapangwa, na mke wangu ni mwanachama kwa jina lake. Mimi ni mlinzi bado, na kibali bado sina.

Nawashukuru mliojaza gunia lile, na karani, na mama yetu, na mwenzangu ambaye hakuomba ruhusa. Nilichojifunza ni hiki: ukisaidiwa, shukuru, kisha useme pia msaada ulipoishia. Ninyi hamkunificha chakula. Mimi ndiye niliyewaficha njaa.